Komisheni ya Ndugu Yangu

Mimi sinunui kitu bila kukipigania. Sisemi hivi kwa majivuno. Ni tabia tu, na niliipatia River Road, ambako nina duka la kuchapisha, ghorofa ya pili, juu ya muuza rangi. Kwa miaka kumi na tisa nimewachapishia watu kadi za harusi, vitabu vya risiti na programu za mazishi, na sikumbuki hata mmoja aliyekubali bei ya kwanza niliyomtajia. Hata mfiwa huomba kupunguziwa. Anafuta machozi, anakohoa, halafu anauliza kurasa za ndani zikikosa rangi itakuwa ngapi. Ukishinda na watu wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka, roho inakauka bila wewe kujua. Kwa hivyo nilipoamua kununua gari, bei haikunitisha. Kilichonitisha ni gari lenyewe, kwa sababu mimi na injini hatujuani, na ndiyo maana nikamwita ndugu yangu.

Ndugu yangu ni kitinda mimba, mimi ni kifungua mimba, na kati yetu kuna miaka kumi na minne. Kule kwetu magharibi nilimbeba mgongoni hadi wageni wakadhani ni mtoto wangu. Nilipopata duka nikamleta Nairobi, nikamlipia chuo cha ufundi, naye akatokea kuwa fundi mzuri wa magari, wa kusikiliza kwanza kabla ya kufungua boneti. Alikuwa na nafasi yake Ngara, kwenye ploti ya mafundi, mahali pa kuegesha magari mawili kando ya ukuta. Alikaa hapo miaka kumi na mmoja, na mke wake na watoto wawili walikula kutokana na ukuta huo.

Jumanne ya wiki ninayoisimulia alinipigia simu. Mwenye ploti alikuwa amepata mtu wa tairi mwenye pesa, na sasa alitaka kila fundi alipe elfu thelathini, aliyoiita gudiwili, kufikia Jumamosi saa sita. Asiyelipa angetoka, na nafasi yake ingeenda kwa mtu wa tairi. Ndugu yangu alikuwa na elfu kumi na moja. Alinieleza haya yote kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kisha akanyamaza. Kwetu mtu haombi. Anaeleza hali, halafu ananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kuomba.

Nilimwelewa vizuri sana. Nilijua pia kwamba fundi wa Nairobi ni mahali pake. Wateja hawalijui jina lake, namba yake wameipoteza pamoja na simu ya zamani. Wanachojua ni yule wa kando ya ukuta, karibu na mama wa chapati. Akihama, wanamkuta mwingine amesimama palepale na spana mkononi, wanamwachia huyo gari, na maisha yanaendelea. Nilimjibu kwamba tutaona. Mwaka uliotangulia nilimnunulia spana zake zilipoibwa, na mwaka wa nyuma yake nililipa hospitali mtoto wake alipolazwa, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kuwa benki ya ukoo. Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya gari, nusu akiba na nusu mkopo wa sako. Nikabadilisha maneno, nikamwambia Alhamisi anisindikize kulitafuta. Akasema sawa dada, kuna yadi ya magari Ngong Road ambayo anajuana na mwenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila aliyenunua gari mjini anajua. Ukienda na mtu yadi, yule mtu hulipwa. Awe fundi, awe mjomba, awe mwenzako wa ofisini au mzee wa kanisa, muuzaji humwekea komisheni kwa kuleta mteja, na wewe mnunuzi ndiye unayeilipa bila kuiona, maana imefichwa ndani ya bei. Hilo haliitwi wizi. Ndio mwendo wa biashara hiyo, na fundi aliyeacha kazi yake siku nzima ili alale chini ya magari ya watu atakula nini? Nilijua haya yote. Nayaweka hapa mapema ili asije mtu akanihurumia kwa kudhani kwamba sikujua.

Alhamisi alifika kwangu Jamhuri saa tatu asubuhi akiwa amevaa shati la kanisani. Mikono alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga hadi ikapauka, ila weusi wa kwenye kucha haukukubali kutoka. Tukatembea hadi yadi, mwendo wa dakika ishirini. Magari yalikuwa yamepangwa pua zikitazama barabara, yameoshwa, tairi zimepakwa dawa nyeusi zikang'aa. Yote yalikuwa mapya. Hapa kwetu gari jipya ni lile ambalo Mjapani amelichoka lakini Mkenya hajaligusa, na bei yake humfanya mtu akae chini kwanza.

Muuzaji alikuwa mtu mzima wa kitambi, mwenye sweta ya mistari na funguo nyingi mkononi. Alimsalimia ndugu yangu kwa kugonganisha ngumi, akamwita chifu, mimi akaniita mama. Moja kwa moja akatupeleka kwenye gari jekundu, zuri kweli, nami nikalipenda palepale kama kitenge. Ndugu yangu alitandika katoni chini, akalala chali na shati lake la kanisani, akaingia chini ya gari hadi ikabaki miguu. Alipotoka alivuta mikanda ya viti hadi mwisho ili aone kama ina tope la mafuriko. Akapapasa ukingo wa mlango kwa kidole gumba, polepole, kama daktari anayetafuta uvimbe. Kisha akaniambia, mbele ya muuzaji, kwamba gari hilo liligongwa ubavuni na kupakwa rangi upya, tuliache.

Muuzaji alikasirika kidogo, akajidai kushangaa. Mimi wakati huo sikulipima jambo lile. Baadaye ndipo nilipofikiria kwamba komisheni ya gari jekundu ingekuwa ileile, pengine hata zaidi, na kwamba kijana wa mama yangu angeweza kufumba jicho moja akaipata ndani ya dakika kumi. Badala yake alikwenda kulala chini ya gari la pili, dogo, la rangi ya fedha. Alipotoka hapo alikuwa na doa la oili mgongoni. Alinusa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akaliwasha gari, akafumba macho akalisikiliza, akasema hili liko sawa.

Tukaingia ofisini, ambayo ilikuwa kontena lenye meza, feni na kalenda ya kanisa. Muuzaji akataja laki tisa na themanini. Nikacheka. Nikamtajia laki nane na nusu, yeye akacheka. Tulichekeshana hivyo kwa muda wa chai mbili. Alisema ada za bandari zimepanda, nikasema mwenzake wa mtaa wa pili hajaambiwa. Alisema nikiondoka gari litauzwa kabla ya saa nane, nikasema heri, basi niage. Nilisimama mara mbili, nikaketi mara mbili. Mwisho tukagonga mikono kwa laki tisa kamili. Ndugu yangu muda huo wote alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, mikono mapajani.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo muuzaji akavuta droo, akatoa karatasi iliyochapishwa vibaya, niliona mara moja kwamba wino ulikuwa umeisha, akaniambia zimebaki hizi ndogondogo. Zilikuwa alamu, traka ya kulifuatilia gari likiibwa, kuchongwa namba kwenye vioo, tinti, mazulia, kizima moto na pembetatu, na chini kabisa, gharama za ofisi. Jumla, elfu themanini na tano. Alisema kila gari linalotoka pale hutoka navyo. Nikamwomba kalamu.

Nilianza na tinti. Nikamwambia nimeingoja siku ya kuonekana ndani ya gari langu kwa miaka hamsini, siwezi kulipia giza. Nikaikata. Mazulia nikakata, mshona viti aliye jirani na duka langu angenipa kwa nusu. Kizima moto na pembetatu nikakata, vimejaa River Road hadi vinauzwa mkononi. Nilipofika kwenye traka nikamwambia muuzaji kwamba gari litalala mlangoni kwangu, mchana litakaa mbele ya macho yangu, kwa hivyo traka ni mimi mwenyewe. Hata yeye alicheka. Mkono wangu ulikuwa umepata moto, na nisifiche, nilikuwa naona raha.

Kwenye vioo, ndugu yangu akasema kwa mara ya kwanza tangu tuingie ofisini.

"Dada, hiyo usikate. Vioo hapa mjini vinang'olewa ukiwa umesimama kwa taa. Na traka pia ungeiacha."

Nilimgeukia. Nilishangaa, kisha nikakereka. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha kwamba nusu ya vitu wanavyokuuzia yadi ni takataka, na leo alikuwa akizungumza kama mtu wa yadi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, na nikaliacha wazo hilo likae usoni ili alione. Nikamuuliza yuko upande wa nani.

"Niko upande wa gari," akasema.

Muuzaji akatazama feni. Vioo nikaviacha, maana kwa hilo alikuwa na haki, na alamu nikaiacha kwa nusu ya bei. Traka nikaikata kwa mstari mnene. Kwenye karatasi ikabaki ile ya chini, gharama za ofisi, elfu ishirini na tano.

Nikauliza ni gharama gani hizo. Muuzaji akasema karatasi, karatasi. Nikamwambia kazi ya karatasi naijua, nimeila miaka kumi na tisa, na ya kuhamisha umiliki wa gari naijua pia, hulipwa kwa mtandao na haifiki elfu tano. Hizo ishirini zilizobaki ni za nani? Muuzaji alimtazama ndugu yangu. Ndugu yangu alitazama kalenda. Kisha muuzaji akaegemea mbele, akashusha sauti kwa upole wa kweli, kama mtu anayemfichia mwenzake aibu.

"Mama," akasema, "mkono mtupu haulambwi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeinua mabega, niseme haya basi, nitie sahihi. Elfu ishirini kwa gari la laki tisa ni kitu ambacho mtu husahau kabla mvua ya vuli haijaja. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Elfu kumi na moja na elfu ishirini ni thelathini na moja. Hesabu hiyo ilinipita kichwani wazi kabisa, niliiona, ikaenda zake. Nilikuwa nimeshika kasi. Tena kulikuwa na kitu kingine, nacho nakitaja kwa sababu ndicho kilichoniponza: yale macho yao yalinichoma. Nilisikia kwamba muuzaji ananidharau, ananifanya mgeni, mtu wa kukamuliwa na ndugu yake wa kuzaliwa. Nikataka kumwonyesha sisi ni watu gani.

"Huyu ni ndugu yangu," nikasema. "Tumenyonya ziwa moja. Huyu hawezi kula kwa dada yake. Toa hiyo."

Muuzaji hakuchukua kalamu. Alimgeukia ndugu yangu akamuuliza, kwa heshima, "Chifu, nitoe?"

Angesema nini? Nilikuwa nimemwapia. Nilikuwa nimemvika sifa mbele ya watu, na kwetu sifa ya namna hiyo huwezi kuivua bila kumvua nguo na aliyekuvika. Angesema hapana, angekuwa amemwambia mgeni kwamba dada yake ni mwongo na yeye huwala watu wa kwao. Nilikuwa nimekaza macho kwenye karatasi, nikingoja.

"Toa," akasema.

Muuzaji akapiga mstari. Aliupiga taratibu, akaandika tano juu yake, akanipa karatasi nitie sahihi. Tulipokuwa tukitoka aliniambia nimebarikiwa ndugu. Nilikubali, nikashukuru, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba hakuwa ananisifu mimi.

Nilifurahi, nisidanganye. Pesa nilizotuma kwa benki zilimfikia muuzaji mchana huo, na saa kumi gari likawa langu. Leseni nilikuwa nayo lakini roho ilikuwa inaogopa Ngong Road, kwa hivyo ndugu yangu ndiye aliyeliendesha hadi Jamhuri. Njiani alinieleza oili ya kutumia, na kwamba tairi ya nyuma kushoto itataka kubadilishwa kabla ya mwaka kuisha. Nilimsimulia tena mazungumzo yote, kana kwamba hakuwepo, nilivyosimama, nilivyoketi, na sura ya muuzaji kwenye traka. Akawa anaitikia. Nyumbani alikunywa chai, akakataa kungoja ugali, akasema ana kazi ya mtu ya kumaliza. Nikampa mia tano ya nauli. Nauli ya Ngara haifiki hata mia na hamsini, kwa hivyo niliona nimemfanyia vizuri. Alishukuru, akaenda.

Ijumaa nilimkumbuka asubuhi. Kisha akaja mteja wa programu ya mazishi, kurasa kumi na mbili, anaitaka jioni, na nilipoinua kichwa ilikuwa saa mbili usiku. Nikajiambia kwamba akikwama atapiga. Nilijua hatapiga. Alikuwa amekwisha piga Jumanne.

Jumapili gari liliombewa. Baada ya ibada mchungaji alitoka nje na chupa ya mafuta, akaweka mkono juu ya boneti, akina mama wakalizunguka wakiimba, na mimi nikasimama mlangoni mwa dereva na kilemba kipya. Ndugu yangu hakuja. Alituma ujumbe wa simu kwamba Mungu alilinde gari na anayeliendesha. Niliusoma, nikawaonyesha wenzangu.

Jumatatu nikaliendesha mwenyewe hadi mjini, mara ya kwanza, mikono imeloa, nikipigiwa honi na kila mwenye honi. Sikwenda dukani. Nilipitiliza hadi Ngara kwa sababu nilitaka anione. Kando ya ukuta, pale alipokuwa akiegesha magari mawili, palikuwa na tairi. Zilipangwa safu safu hadi usawa wa kichwa. Mtu aliyeketi mbele ya tairi hizo alisema yule fundi aliondoka Jumamosi, alipewa muda hadi saa sita, na saa sita na nusu alikuwa amekwisha pakia vitu vyake kwenye mkokoteni. Hakujua alikokwenda. Akaniuliza kama nataka tairi. Nilisimama pale, na aibu yangu yote ni hii: nilijikuta nauliza bei. Aliponitajia, nilimwambia apunguze.

Sasa anafanya kazi na begi. Akipigiwa simu anakwenda, Kangemi, Kawangware, popote, anatengenezea gari mlangoni kwa mwenyewe. Simu ni chache. Mwezi wa pili baada ya kuhama alishindwa na nyumba ya vyumba viwili, mke na watoto wakarudi kwa mama kule nyumbani, yeye akahamia chumba kimoja na fundi mwenzake. Mama alinipigia kuniuliza kuna nini. Nilimuuliza kwanza yeye ameambiwa nini. Akasema ndugu yangu amemwambia Nairobi maisha yamepanda, na kwamba dada yake amenunua gari zuri, la rangi ya fedha, halina tatizo lolote. Zaidi ya hapo hakusema. Mimi pia sikuongeza.

Baada ya simu hiyo nilitoa elfu ishirini benki, nikazitia kwenye bahasha ya kadi za harusi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, nikamwita dukani. Alikuja jioni na begi lake, akasimama upande wa wateja wa kaunta. Sikuwa nimeandaa maneno. Nilimwambia kwamba siku ile yadi nilikosea, nilijua shida yake na bado nikaikata, na hii hapa ni ile komisheni. Niliona kichwa chake kikitingishika kidogo, si kwa hasira.

"Dada," akasema, "siku ile pesa hii ilikuwa ya kazi. Nililala chini ya gari mbili. Saa hii ni ya msaada tu."

Nilitaka kumbishia. Nikasukuma bahasha juu ya kaunta, nikaiacha mbele yake.

Tangu anatambaa, ndugu yangu hakuwahi kupokea kitu kwangu kama mgeni. Alikuwa akininyang'anya. Peremende, shilingi, baadaye simu na funguo za duka, anavuta mkononi anacheka, nami namkemea. Nilingoja aivute. Akaweka begi chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akainama kidogo, akaichukua kwa mikono miwili. Akasema asante sana, Mungu akuzidishie. Kisha, kwa adabu, akaniuliza kama gari linasumbua, nami nikamwambia halisumbui.